Alama za Ushirikiano na Hadhira

Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho, na kila mwaka ukifika wakati wa mitihani ya vitendo nakuwa mkali mpaka wenzangu ofisini wananikwepa. Wanadhani ni uchovu wa kazi. Kwenye karatasi ya alama kuna safu moja inayoitwa ushirikiano na hadhira, na nikifika hapo kalamu inasita, hata kama mtoto ameigiza mpaka watu wamesahau kupiga miayo. Niliwahi kumwomba mwenzangu anijazie safu hiyo, akacheka, akasema mwalimu umezeeka sasa. Sijazeeka. Nina hasira tu, na leo nitasema zilikotoka.

Nilisoma shule ya wasichana, upande wa Moshi unaoelekea Himo, miaka ile ya tisini mwanzoni ambapo mitumba ilifurika sokoni na kahawa ikaanza kudharaulika. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa mwanamke wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Baridi ya Julai ilimtesa vibaya. Alifundisha amejifunga kitenge juu ya sweta juu ya sweta nyingine, lakini sisi alituvua viatu. "Vueni, nataka miguu iamke," alisema, na sakafu ya bwalo ilikuwa ya saruji tupu.

Alitulaza chali, daftari juu ya tumbo, tupumue mpaka daftari lipande na kushuka. Mpishi alipotukuta mara ya kwanza, darasa zima limelala sakafuni kimya, alidhani tumekula chakula kibovu, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Tulicheka wiki nzima. Jamani, tulikuwa na raha kwenye somo lile. Fizikia ilikuwa vita, hesabu ilikuwa msiba, lakini kwenye sanaa hata wale wagumu wa kusema walitoa sauti.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Nadharia tuliandika kwa Kiingereza, tukijiumauma. Vitendo tulifanya kwa Kiswahili: kikundi kinabuni mchezo kutokana na maisha ya watu wa eneo lao, kisha kinauonyesha mbele ya wazazi na majirani, na mtahini kutoka nje anakaa mstari wa mbele akitoa alama. Sauti, mwili, uhusika, matumizi ya jukwaa, vifaa, na ile safu yangu. Mwalimu alituandikia hayo ubaoni tangu mwanzo wa mwaka na hakuyafuta. Tuliyajua kuliko sala ya chakula.

Siku moja ya soko alitupeleka Kiboriloni. Kila mmoja achague mtu, amwangalie bila yeye kujua, arudi na mwendo wake. Hakuna kusalimia, hakuna kununua, macho tu. Wenzangu wakatawanyika kutafuta vichekesho: mlevi wa mbege, kondakta, muuza viatu anayejipima viatu vya kike. Mimi sikuhangaika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyanya, nikajibanza nyuma ya marobota ya mitumba, nikamwangalia mama yangu.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Kwetu ni juu, upande wa Marangu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani na makaburi ya babu. Huku kwetu kahawa ni ya mwanamume, ndizi ni za mwanamke. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini jaribu kuivunja uone. Baba alilazwa hospitali kwa muda mrefu, kahawa iliyouzwa ilikuwa bado haijalipwa, na mimi nilikuwa nyumbani nimefukuzwa ada. Mama alichukua panga akafyeka safu nzima ya mibuni kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, akapanda nyanya. Mibuni ile aliipanda babu kwa mkono wake.

Nyanya zilikubali. Nilirudi shule. Na baba aliporudi kutoka hospitali, amekonda, anatembelea fimbo, alipita kwanza shambani kabla hajaingia ndani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama pale kwenye visiki akasema, "Baba yangu amelala pale, na wewe umemvua nguo." Kisha akamwambia mama arudi kwao.

Mama hakurudi kwao. Aliona aibu. Alipanga chumba Himo, akaendelea na biashara ya nyanya, akawa anazipeleka Kiboriloni siku za soko.

Sasa kwa asiye wa huku. Kuna mmea unaitwa isale, wa majani marefu membamba, tunaupanda mpakani mwa kihamba na kwenye makaburi. Mtu akikukosea, akachuma jani la isale, akalifunga fundo akakuletea, umekwisha, lazima usamehe. Hata kama alikuchomea nyumba. Jani la isale halikataliwi, na ukilikataa hao waliolala makaburini hawatakuacha. Lutheri, Katoliki, wote tunajua. Mchungaji wetu mwenyewe alikuwa nalo uani.

Basi dawa ilikuwa hapo hapo, mlangoni. Shangazi, dada yake baba, alishuka Himo mara kadhaa kumbembeleza mama. "Chuma jani, yaishe." Mama akajibu, "Niombe radhi kwa kulisha watoto? Sichumi." Shangazi akapanda kwa baba. Baba akasema, "Mimi si mnyama. Akileta jani nitapokea." Na kweli angepokea. Wakakaa hivyo, mmoja juu, mmoja chini, wote wamenuna. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama arudi nyumbani. Nilikiomba kanisani, nilikiomba kwenye foleni ya uji, nilikiomba hata nikiwa nimelala chali na daftari tumboni.

Nikamwangalia mama pale sokoni. Mteja akija alichangamka, akatania, akaongeza nyanya moja ya juu kama zawadi. Mteja akiondoka, uso uliporomoka wote, mkono ukapanda kiunoni, na macho yakaenda juu mlimani, upande wa kwetu. Akija mwingine, anachangamka tena. Nilitaka kukimbia nikamshike. Lakini kazi ilikuwa kuangalia, na mimi nilikuwa mwanafunzi mtiifu, mjinga mimi.

Darasani nikatembea kama yeye. Wenzangu wakapaza sauti: mama nyanya! Mwalimu akainua mkono wanyamaze. Akasema, "Anauza nyanya, sawa. Lakini anasubiri nini huyu?" Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Mwalimu alinifuata, nikamweleza yote, na yeye hakunipa pole ya juu juu. Aliuliza kama ningependa kikundi chetu kifanye mchezo juu ya jambo hilo. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Tukaubuni. Mimi nikawa mke, rafiki yangu kutoka Tarakea akawa mume, kwa sababu alikuwa na sauti nene na hakuwa na haya. Tulimpaka masharubu ya masizi ya jikoni. Mwishoni mke anachuma isale, anampelekea mume, mume anapokea, wanakumbatiana, wimbo. Lilipofika suala la kifaa, mwalimu akasema mtahini atataka jani halisi. "Mwalimu," rafiki yangu akasema, "isale halichumwi kwa mchezo." Mwalimu, mtu wa Songea wa watu, akasema basi tukateni karatasi ya kijani. Nikasema hapana, nitalileta mimi. Wenzangu wakaniangalia kama niliyetukana kanisani.

Nililichuma nilipopanda nyumbani kumwalika baba. Nililichuma kwenye mpaka wetu wenyewe, nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifunga, nikalificha ndani ya Biblia. Baba nilimkuta zizini. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Wamekufukuza tena?" Nikamwambia hapana, ni mtihani, wazazi wanatakiwa waje waangalie. Akauliza kama akikosa kuja nitapunguziwa alama. Nikasema labda. Akasema, "Basi nitakuja." Alikuwa baba wa namna hiyo. Ndiyo maana hadi leo sijui nimchukieje.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Wazazi, wapishi, wanawake wa sokoni waliokuwa wanatuuzia ndizi getini. Baba alikaa mstari wa pili, koti lake la kanisani, kofia magotini. Mtahini alikuwa mwanamume mnene wa kutoka mbali, hacheki, ana kalamu mbili. Kabla hatujaanza, mwalimu akasimama akawatangazia watu, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto: "Wazazi wetu, karibuni sana. Mwanafunzi akikuuliza jambo, jibu. Akikupa kitu, pokea. Hapa kuna alama za ushirikiano na hadhira, naomba msiwaangushe watoto." Watu wakaitikia. Nami nilisikia, nikiwa nyuma ya pazia la mashuka, nimeshika jani langu. Nilisikia kwa masikio, haki ya Mungu, lakini halikuingia kichwani.

Tukaigiza. Nilipofyeka mibuni, watu waliguna. Mume aliponifukuza, bibi mmoja akamwambia rafiki yangu kwa sauti, "We mwanamume, utakula masharubu?" Bwalo likacheka mpaka mtahini akajisahau. Kisha nikabaki peke yangu, nikatembea ule mwendo wa mama, mkono kiunoni, macho juu. Nikamwona baba anaacha kucheka.

Nikachuma jani. Nilitakiwa niende kulia, alipokuwa rafiki yangu. Nikashuka jukwaani. Sikupanga, au nilipanga bila kujiambia, sijui. Nikapita mbele ya mtahini, nikafika mstari wa pili, nikapiga magoti mbele ya baba yangu, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. "Baba watoto," nikasema, kama mama alivyokuwa akimwita, "nimekosa. Naomba nirudi nyumbani."

Loo! Bwalo lote lilijua. Wale wa kwetu walijua ni baba yangu, na wasiojua walinong'onezwa. Nyuma yangu rafiki yangu alibaki amenyoosha mkono mtupu, masizi yanamchuruzika kwa jasho. Baba aliniangalia. Akaliangalia lile fundo. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakashuka kwenye ndevu zake za mvi, akalipokea jani kwa mikono miwili, akasema, "Nimepokea. Rudi nyumbani."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Muuza ndizi mmoja alitoka mbio bila kusubiri wimbo. Mwalimu alinivuta pembeni akanifokea kwamba nimebadilisha mchezo, nimemwacha mwenzangu jukwaani kama mlingoti. Baadaye akarudi, macho mekundu, akaninong'oneza kitu ambacho hakuruhusiwa kusema: safu ya ushirikiano na hadhira mtahini amenipa alama zote. Mtahini mwenyewe alisema hajawahi kuona hadhira ikiguswa vile.

Tulipewa ruhusa ya kwenda nyumbani mwisho wa juma. Tulipanda na baba, jani liko mfuko wa koti lake, ncha imechungulia nje. Alikuwa mchangamfu, alinunua nyama njiani, alisalimia mpaka watu anaogombana nao. Nyumbani aliliweka isale dirishani. Mimi nilifagia chumba cha mama, nikaanika godoro, nikapangusa picha ya harusi. Nilikuwa naimba. Sikumwuliza baba lini mama atakuja, kwa sababu niliona jambo limekwisha, na jambo lililokwisha haliulizwi.

Jumapili, baada ya ibada, mama alikuja.

Muuza ndizi alikuwa amefika Himo siku ile ile na habari zote: mume wako amepokea isale mbele ya watu, amelia, amesema urudi. Na mama, ambaye alikuwa ameapa hachumi jani, alirudisha chumba alichopanga. Alikuja na godoro limeviringishwa, sufuria, na mpagazi wa kumsaidia, na kichwani alibeba sanduku la mbao lililojaa miche ya kahawa. Miche midogo, kila mmoja na udongo wake kwenye kipande cha ganda la mgomba. Aliitafuta wapi kwa haraka ile sijui. Mtu aliyesema hataomba radhi alikuwa amekuja kuipanda upya ile safu ya babu.

Alisimama mpakani, penye isale. Hakuingia. Alisubiri akaribishwe, kama desturi. Baba akatoka na fimbo yake. Nilikuwa jikoni, nikaacha maziwa yakachemka yakamwagika.

"Karibu," baba akasema. "Una shida gani?"

Mama akatua sanduku. Akasema, polepole, "Nimeambiwa umepokea jani."

"Nilipokea la mtoto," baba akasema. Akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa na ubaya wowote, hilo ndilo linaloniua. "Mwalimu wake alitangaza. Mtoto akikupa kitu, pokea, kuna alama. Ningemwaibisha mwanangu mbele ya mtahini? Nilimsaidia afaulu. Lakini wewe hukuleta jani. Hukutuma mtu. Wewe jani lako liko wapi?"

Nikapiga kelele. "Baba, ulilia! Tulikuona ulilia!"

"Nililia," akasema. "Ulifanya vizuri sana, mwanangu."

Mnanielewa? Isale lilikuwa pale, limepandwa mstari mzima, linamgusa mama begani. Kunyoosha mkono tu. Nikamwangalia mama nikimwomba kwa macho, chuma, mama, chuma, ni jani tu. Baba naye alikuwa anasubiri, nina hakika, mkono wake ulishaacha fimbo. Mama aliliangalia lile jani. Kisha akaiangalia miche yake pale chini, akamwangalia baba, kuona kama hajaiona ile miche, au ameiona na haitoshi. Mimi nikarukia kulichuma. Mama akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Wewe umeshanipelekea."

Akajitwisha godoro mwenyewe, mpagazi akachukua sufuria, wakageuka. Miche aliiacha. Baba aliipanda kesho yake asubuhi, kwenye safu ile ile kando ya mfongo, mmoja mmoja, akiimwagilia kwa kopo. Yote ilishika. Alikuwa akiitunza kuliko ng'ombe, na nilipokuwa likizoni nilimsikia akiisemesha. Kumwita mwenye miche hakumwita. Na mama hakupanda tena mlima ule akiwa hai. Shangazi aliwalaani wote wawili mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikamsaidia.

Lakini siku ile nilimkimbilia mama. Nilimkuta bondeni, nikachukua godoro nikabeba mimi, tukashuka hadi barabarani. Nilikuwa nalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo. Yeye hakulia. Aliweka mkono kiunoni, akaangalia njia gari linakotokea, na nikaona kwamba ule mwendo niliopewa alama kwa ajili yake, hata nusu sikuwa nimeupata.

Gari lilipoonekana, alinipangusa uso kwa ncha ya kanga yake.

"Na huo mtihani," akauliza, "umefaulu?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka angalau kitu kimoja siku ile kiwe kimeharibika kwa kila mtu.

"Nimefaulu, mama."

"Umefaulu vizuri?"

"Vizuri sana."

"Afadhali," akasema, na akacheka kidogo, akafurahi, mama yangu alifurahi kweli. "Usiache shule, basi." Akapandisha godoro lake, akapanda.